Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Niko hapa Sironga, penye baridi ya asubuhi na mashamba ya majani chai yaliyolowa umande pande zote za barabara ya kwenda Nyamira. Wahariri wa jarida letu walipotangaza kwenye gwaride kwamba kila mwanachama aandike juu ya jambo linalomgusa, wenzangu walikimbilia mapenzi ya mama, madhara ya dawa za kulevya na safari ya Mombasa. Mimi nikasema nitaandika juu ya ngozi. Wakacheka. Ati ngozi! Ya ng'ombe ama ya ngoma? La hasha. Ni ngozi ya binadamu, na habari za wale wanaojifunza kuitengeneza inapoharibika.

Nataka tuzipime methali mbili. Ya kwanza ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili ni "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Darasani tunazisoma kama methali zisizojuana. Mimi nimeziona zikigombana juu ya mkono wangu wa kulia.

Kwanza tulisafishe jina. Kuna kazi ya udaktari iitwayo upasuaji wa plastiki. Wengi wakisikia hivyo huwaza ndoo na sahani, au wacheza sinema wanaochonga pua ili waonekane vijana. Kumbe neno lenyewe lina asili ya Kiyunani, na maana yake ni kufinyanga, kama mfinyanzi aumbavyo chungu. Daktari Mjerumani Karl von Graefe alilitumia katika kitabu chake kuhusu utengenezaji wa pua mwaka wa 1818, karibu miaka tisini kabla ya plastiki ya kisasa kuvumbuliwa mwaka wa 1907. Kazi kubwa ya upasuaji huu ni kurudisha kilichopotea: kufunika kidonda cha moto, kufunga mdomo wa mtoto aliyezaliwa na mpasuko, kuziba pengo lililoachwa na uvimbe wa saratani, kuunga kidole kilichokatika. Mimi huwaita madaktari wake mafundi wa ngozi.

Mwaka wa 2013, nikiwa na umri wa miaka minne, niliteleza jikoni nikatumbukiza mkono katika sufuria ya uji uliokuwa ukitokota juu ya mafiga. Waliokuwapo walifanya walivyojua: yai, unga, kisha kitambaa. Baadaye kidonda kilisafishwa, nikapewa dawa, na baada ya wiki nyingi kikapona. Kila mtu akamshukuru Mungu. Lakini kupona kwa kidonda cha moto kilichoingia ndani kuna hila yake. Ngozi ikiungua mpaka chini, mwili hauwezi kuotesha nyingine kama ile ya awali. Hulivuta jeraha kutoka pande zote ili lizibe, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia kwa kamba. Likiwa mgongoni, hilo halina neno sana. Likiwa penye kiungo kinachokunjwa, kama shingo, kwapa, kiwiko au vidole, kovu huendelea kuvuta kwa miezi mingi, na kiungo hujikunja kikabaki hivyo. Kwangu mimi, kidole cha kati, cha pete na cha mwisho viliinama hadi vikagusa kiganja. Mkono ulikuwa umepona, lakini ulikuwa umefungwa.

Katika shule ya msingi nilijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kuteka maji niliweza. Kuchuma majani chai sikuweza, maana chai huchumwa kwa mikono miwili tena kwa haraka. Watoto wakanipa jina la Ngumi. Si jina baya sana ukililinganisha na mengine, ila lilikaa. Kilichoniuma zaidi kilikuwa salamu. Huku kwetu Gusii watu hupeana mkono. Mgeni akinyoosha wake, mimi nilificha wangu ndani ya sweta, na watu wakadhani sina adabu.

Mwaka wa 2019 habari zilifika kijijini kwamba madaktari kutoka ng'ambo watakuja kwa siku tano katika hospitali moja ya mbali kidogo, wawapasue bure watu wenye makovu na midomo iliyopasuka. Baba aliuza mbuzi tukapata nauli. Tulifika usiku, alfajiri tukapanga foleni. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kidevu chake kilikuwa kimeshikana na kifua kwa kovu la moto, hata hakuweza kumtazama mtu usoni. Kulikuwa na watoto wachanga, wazee, na mvulana ambaye mkono wake ulikuwa umegandana na ubavu. Nilipewa namba. Siku ya tano namba yangu ilikuwa bado haijafika. Muuguzi akamwambia baba kwa upole, "Mzee, wageni wanaondoka kesho. Mrudi mwakani." Baba akasema ahsante.

Mwakani ulikuwa mwaka wa 2020. Unaukumbuka, msomaji? Korona iliingia, na mwezi wa Machi Kenya ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje mpaka Agosti. Wageni hawakuja. Mwaka uliofuata pia hawakuja, na karatasi yenye namba yangu ilibaki ndani ya Biblia ya mama.

Sielezi haya ili niwalaumu. Yule mama wa kidevu nilimwona siku ya nne, shingo imefungwa bendeji, kichwa kimeinuka, akilitazama dari la wodi kana kwamba hajawahi kuona kitu kizuri kama hicho. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona. Lakini sisi wa namba za nyuma je?

Kwa kweli ujuzi huu wenyewe umekuwa mgeni katika nchi nyingi. Mafundi wa India ya kale walijua kutengeneza pua iliyokatwa kwa kutumia ngozi ya shavu, na baadaye ya kipaji cha uso. Maandishi ya Sushruta yanaieleza kazi hiyo. Mwaka wa 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari za mwendesha magari ya ng'ombe wa India aliyekatwa pua wakati wa vita, kisha akatengenezewa nyingine na fundi wa huko huko. Daktari Mwingereza Joseph Carpue alivutiwa na habari hizo, na mwaka wa 1814 akaijaribu kazi hiyo mwenyewe mjini London, ikafaulu. Yaani Mwingereza alikuwa mwanafunzi, na Mhindi ndiye aliyekuwa mwalimu.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoharibu nyuso za maelfu ya askari, Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu katika hospitali maalumu iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka wa 1917. Katika vita vya pili, binamu yake Archibald McIndoe aliwatibu marubani walioungua. McIndoe alikuwa na jicho kali. Aliona kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu, basi akaanza kuwaogesha wagonjwa wake katika maji ya chumvi. Utafiti huanza hivyo, mtu anapoona tofauti akauliza, mbona?

Aliyefundishwa na McIndoe na baadaye akaishi huku kwetu ni Michael Wood. Wao wawili, pamoja na Mmarekani Tom Rees, wote watatu mafundi wa ngozi, ndio walioanzisha mwaka wa 1957 huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. Wazo lilizaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro. Waliona kwamba mgonjwa wa mashambani hawezi kufika Nairobi, basi wakaamua daktari amfuate mgonjwa kwa ndege. Ni jambo jema lililookoa wengi. Lakini ndege ikishapaa, nani atabadilisha bendeji? Nani atamfundisha mgonjwa kunyoosha vidole kila asubuhi? Wahenga walijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la daktari mgeni ni kufundisha. Hata AMREF yenyewe ilizidi kujitia katika kazi ya kuwafundisha wahudumu wa afya wa huku huku.

Na sisi Abagusii tusidhani kwamba wazee wetu walikaa tu wakingoja ndege. Katika milima hii kulikuwa na wapasuaji walioitwa ababari, mmoja wao ni omobari. Mtu akigongwa kichwani, kisha akakaa akiumwa na kichwa miezi na miaka, alipelekwa kwa omobari. Huyu aliipasua ngozi ya kichwa, akaukwaruza mfupa wa fuvu polepole, huku akitumia dawa za mitishamba, kisha akakifunika kidonda na kukipaka mafuta. Mwaka wa 1985 Daktari David Furnas wa California na wenzake waliandika makala juu ya ababari katika jarida la Marekani liitwalo Annals of Plastic Surgery. Ebu fikiria: jarida la upasuaji wa plastiki, na ndani yake habari za vichwa vya Kisii!

Sisemi turudi huko. Kukwaruza fuvu nje ya hospitali ni hatari kubwa, na hospitali zipo. Ninachotaka tuone ni namna walivyojifunza. Kijana alikaa na mzee, mara nyingi baba yake, akamshikia vifaa, akatumwa mitishamba, akatazama kwa miaka kabla ya kuachiwa kisu. Hayo ni mafunzo. Kilichokosekana ni daftari. Wangapi walipona? Wangapi walikufa? Ni dawa ipi iliyosaidia, na ni ipi iliyokuwa mazoea tu? Omobari akifa bila mwanafunzi, aliondoka na kila kitu. Daftari lilikuja na mgeni, naye akaenda nalo kwao. Mimi mwenyewe habari za ababari nilizisikia kwanza kwa daktari, wala si nyumbani. Nilipomuuliza nyanya, akasema, "Ooo, hao? Si kila mtu alijua." Kila mtu alijua, na hakuna aliyeandika.

Mkono wangu ulifunguliwa mwaka wa 2022, nikiwa darasa la saba, na haikuhitaji ndege. Ilihitaji matatu. Daktari alikuwa Mkenya aliyesomea kazi hiyo hapa hapa Afrika Mashariki. Kando yake alisimama mwanafunzi wake, daktari kijana wa kike, ambaye alikuwa amekwisha kuhitimu udaktari lakini sasa alisomea ufundi huu. Nilimpenda kwa sababu aliulizwa maswali kama mimi darasani, na jibu likimpotea alikuna kichwa vile vile.

Mwalimu wake alichukua kalamu ya wino wa zambarau akachora juu ya kiganja changu. "Hapa ngozi haitoshi kabisa, tutapandikiza. Na hapa penye kamba ya kovu?"

"Zedi," akajibu mwanafunzi.

"Pembe ngapi?"

"Nyuzi sitini."

"Mbona sitini?"

Jibu lake sikulielewa siku ile. Nimelielewa mwaka huu, kidato cha tatu, nikiwa na rula yangu, na nitawaeleza wapenda hesabu. Kamba ya kovu inavuta kwa urefu, lakini kando yake mna ngozi iliyolegea. Daktari hukata juu ya kamba yenyewe, kisha kwenye kila mwisho wa mkato huo huongeza mwingine wa urefu ule ule, mmoja ukielekea kushoto na mwingine kulia, mpaka ipatikane herufi Z. Hapo hutokea pembetatu mbili za ngozi. Huzibadilisha mahali, ya huku ikaenda kule na ya kule ikaja huku. Ikiwa pembe ni nyuzi 60, pembetatu hizo zina pande zote sawa, na zikipakana hufanya umbo la almasi. Kabla ya kubadilishana, kovu lilikuwa ulalo mfupi wa almasi hiyo. Baada ya kubadilishana, njia ile ile inakuwa na urefu wa ulalo mrefu. Tumia Pythagoras: ulalo mfupi ukiwa sentimita 1, ule mrefu ni kipeuo cha pili cha 3, yaani karibu sentimita 1.73. Urefu umeongezeka karibu robo tatu, na hakuna ngozi mpya iliyoletwa! Urefu umeazimwa kutoka kwa upana. Kwenye mwili wenyewe faida hupungua, maana ngozi si karatasi, lakini hesabu ndiyo hiyo. Pembe ikiwa nyuzi 30 faida hushuka hadi karibu robo. Ikizidi sana, ngozi ya kando hukataa kuzunguka. Basi wanaouliza hesabu itawafaa nini maishani, waje nitawaonyesha kiganja.

Penye upungufu mkubwa waliweka kipande cha ngozi kutoka sehemu ya juu ya paja. Kipande hicho hakiji na damu yake. Siku mbili hivi za kwanza hunywa majimaji ya kidonda, kisha vijishipa vya damu huingia ndani yake. Kikitikisika, au damu ikikusanyika chini yake, hufa. Ndiyo maana mkono wangu ulifungwa nisiuguse. Halafu ilifuata miezi ya kuvaa kibao cha kunyoosha vidole usiku na kufanya mazoezi mchana, huku nikilia. Kovu lilipojaribu kuvuta tena, daktari yule yule alikuwapo kwenye kliniki ya wiki iliyofuata, akaliona, akabadilisha kibao. Hapo ndipo nilipoielewa ile methali ya fimbo.

Sasa nije kwenye jambo la chama chetu, yaani lugha. Kabla ya upasuaji, yule daktari kijana alimwendea mama na karatasi. Alikuwa akifanya utafiti wa shahada yake kuhusu mikono ya watoto walioungua. Alitaka kupima vidole vinanyooka kiasi gani kabla ya upasuaji na miezi kadhaa baadaye, na kuupiga mkono picha. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Mama yangu alifika darasa la nne. Alikwisha kuishika kalamu atie sahihi, maana mtu wa kawaida akiona karatasi ya hospitali hutia sahihi tu. Daktari akamzuia.

"Mama, usitie sahihi kwa kitu hukielewi. Ngoja nikueleze."

Akaanza kwa Kiswahili, akakwama. Akasema, "Tutahamisha ngozi." Mama akashtuka.

"Ngozi ya nani?"

"Yake mwenyewe, mama. Ya pajani."

"Na paja nalo libaki wazi?"

"Tutalishona."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi ni kama miche ya sukuma. Unaitoa kitaluni, unaipanda shambani, na ukiichezea inakauka."

Daktari akacheka. "Mama, umenipa neno. Tunapandikiza."

"Na hizo picha, uso wake utaonekana?"

"Hapana, ni mkono tu. Na mkikataa, atatibiwa vile vile."

Hapo mama akanigeukia. "Mkono ni wako, mwanangu. Wasemaje?"

Msomaji, mpaka siku ile hakuna aliyewahi kuniuliza lolote kuhusu mkono ule. Wengi waliutazama, lakini hakuna aliyeomba ruhusa ya kuutazama. Nilikubali. Nilikubali kwa sababu nilielewa, na nilielewa kwa sababu mtu alijisumbua kutafuta maneno.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka wa 1941 wagonjwa wa McIndoe walianzisha chama chao wakakiita Guinea Pig Club, yaani chama cha wanyama wa majaribio, maana walijua wanafanyiwa mambo ambayo hayakuwa yamefanywa kabla yao. Chama hicho kilifikisha wanachama 649. Waliweza kujifanyia mzaha namna hiyo kwa kuwa walielewana na daktari wao. Je, mgonjwa wa Borabu au wa Bomachoge atajuaje kwamba yumo katika utafiti, ikiwa utafiti unasema Kiingereza kitupu?

Na utafiti lazima ufanywe, tena ufanywe hapa. Majeraha yetu yana desturi zake. Tunapika chini, watoto wakicheza karibu na moto. Tunawasha koroboi. Lori la mafuta likianguka, watu hukimbilia na mitungi: Sachangwan, mwezi wa Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa kwa moto wa namna hiyo. Nasi tunaolala mabwenini hatuhitaji kukumbushwa Kyanguli mwaka wa 2001, walipokufa wavulana 67, wala Endarasha huko Nyeri mwezi wa Septemba 2024, walipokufa watoto 21. Wanaokufa huhesabiwa na kutangazwa. Wanaobaki na makovu hurudi nyumbani kimya kimya, na ndio wanaomhitaji fundi wa ngozi kwa miaka mingi.

Au chukua keloidi, lile kovu linalovimba na kuendelea kukua kupita mpaka wa kidonda, kama uvimbe unaoota sikioni baada ya kutoga. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamelichunguza na kuchapisha matokeo yao, wakiuliza ni kwa nini mwili unakataa kuacha kazi ya kuponya wakati kidonda kimekwisha kupona. Kwa anayeishi mahali ambapo keloidi ni chache, hilo ni swali la pembeni. Kwetu lipo masikioni mwa wenzetu darasani.

Mafunzo nayo yapo. Anayetaka ufundi huu husoma kwanza udaktari kwa miaka sita, kisha hufanya kazi mwaka mmoja hospitalini chini ya uangalizi, ndipo aanze kusoma tena. Chuo Kikuu cha Nairobi kinatoa shahada ya uzamili ya fani hii, na wanafunzi wake hujifunzia katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Tena kuna COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka wa 1999, ambacho makao yake yako Arusha. Hukiita chuo kisicho na kuta, kwa kuwa mwanafunzi hujifunza katika hospitali iliyoidhinishwa, kando ya mwalimu wake, kwa miaka isiyopungua mitano, na mwishowe hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine. Uganda kuna hospitali ya CoRSU, upande wa Entebbe, iliyofunguliwa mwaka wa 2009, ambako watu wenye ulemavu na makovu hutibiwa na madaktari hufundishwa. Ukitazama sana utaona ni ule ule utaratibu wa omobari: kukaa na mzee, kushika vifaa, kutazama, kuulizwa. Kilichoongezwa ni daftari na mtihani.

Matunda tumeyaona. Mwezi wa Novemba 2016, katika Hospitali ya Kenyatta, madaktari wetu waliwatenganisha mapacha wawili wa kike walioshikana sehemu ya chini ya mgongo. Kazi hiyo ilichukua saa 23, na mafundi wa ngozi walikuwamo, maana ukitenganisha miili miwili iliyoshikana, ngozi ya kuifunika itatoka wapi? Mwezi wa Januari 2018, hospitali hiyo hiyo ilimuunga mkono kijana wa miaka 17 kutoka Kiambu, ambao ulikuwa umekatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Walifanya kazi saa saba hivi. Hapa Nyamira mashine kama hizo ziko katika boma nyingi. Mkono uliokatika hauwezi kumngoja mgeni ashuke uwanja wa ndege. Una saa chache tu.

Hata hivyo tusijidanganye. Mafundi hawa bado ni wachache, na wengi wako Nairobi, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 47. Basi methali zangu mbili nazipatanisha hivi: mgeni aje, tena karibu sana, lakini aje na jembe, na anapoondoka aache watu wanaoweza kulima. Nyoka wetu yumo jikoni, barabarani na bwenini. Fimbo na iwe karibu.

Kuna mambo ambayo hayamngoji daktari yeyote. Mtu akiungua, mwagia kidonda maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake yai, unga, dawa ya meno wala siagi. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, funika kwa kitambaa safi, kisha nenda hospitali. Ikiwa ameungua penye kiungo, mzazi aulize, "Daktari, tutakinyoosha vipi kisijikunje?" Swali hilo moja laweza kumwokolea mtoto miaka tisa. Na kidole kikikatika, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko, na mfuko huo uuweke juu ya barafu, kidole chenyewe kisiguse barafu.

Kwa wanachama wenzangu nina maombi mawili. La kwanza, tuandike orodha ya maneno ya hospitali kwa Kiswahili ambacho mama aliyefika darasa la nne atakielewa: kupandikiza, idhini, ganzi, kovu linalovuta. Tumekariri ngeli vya kutosha, sasa tuzitumie. La pili, kila mmoja akienda likizo ya Agosti abebe daftari, amketishe babu au nyanya, amuulize habari za ababari: walitumia nini, walifundishwa na nani, nani alipona na nani hakupona. Aandike yote, hata ya aibu. Muhula wa tatu tuyalete hapa tuyasome pamoja, na yatakayofaa tuyachape katika jarida la mwakani.

Wasalaam.

Mwanachama mwenzenu,
Kidato cha Tatu